Kitovu cha Brigitha Kiko Ng'ambo

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Brigitha, mwenyekiti wa kijiji huku upande wa Namawala. Tumemzika juzi. Mwenyekiti wetu Brigitha.

Alizaliwa ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Alizaliwa dunguni, kile kibanda cha juu ya miti tunachokaa kulinda mpunga. Mama yake alikuwa anafukuza ndege, uchungu ukamkuta huko huko. Kitovu kikazikwa pembeni ya shamba. Huku kwetu Brigitha aliletwa mgongoni. Akakua, akaolewa, akazaa, akalima.

Alipotaka uenyekiti, maneno yakaanza. "Si mzaliwa. Asiyezaliwa hapa haruhusiwi." Jumatatu walisema kazaliwa Lupiro. Kufika gulio la Ijumaa, ameshazaliwa Msumbiji! Uongo ulivuka mito yote hiyo bila kulowa.

Mumewe, mzee Hermenegildi, akaingiwa na hofu. "Mama Edna, sema tu ulizaliwa hapa. Nani atachimbua?"

Brigitha alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua macho.

"Mama yangu alinizaa peke yake juu ya miti. Leo nimkane kwa ajili ya kiti? Sisemi."

Siku ya kampeni uwanja ulijaa. Hajamaliza hata salamu, Evod wa bodaboda akapaza sauti: "Mama, kitovu chako kiko wapi?"

"Kiko ng'ambo, mwanangu. Lupiro. Kimeshaoza."

Watu wakacheka. Evod hakukoma. "Basi rudi ukagombee huko!"

Hapo akainuka Bi Sada, mama mzazi wa Evod. "We Evod! Na wewe nilikuzaa dunguni, ng'ambo hiyo hiyo. Nikupakie kwenye pikipiki yako nikurudishe?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Evod akainama, eti anatafuta ufunguo.

Brigitha peke yake hakucheka.

"Ahsante Bi Sada, ila kaa. Sitaki kushinda kwa sababu na Evod ni wa ng'ambo. Hata angezaliwa katikati ya uwanja huu, ningegombea. Sheria inauliza kama mimi ni raia, na kama ninakaa hapa. Mimi ni Mtanzania. Ninakaa hapa. Anayebisha aje kwangu asubuhi, atanikuta nafagia."

Alishinda. Narudia, wasikilizaji: alishinda, wala hakuficha alikozaliwa.

Juzi msibani maneno yakafufuka. Mzee mmoja akanong'ona kwamba maiti irudishwe kwao, Lupiro. Edna, binti wa marehemu, akamjibu machozi yakimtoka: "Babu, kwao ni hapa. Ng'ambo kuna kitovu tu. Mama mwenyewe tunamzika hapa."

Na aliyeshika beleshi la kwanza kaburini, wapendwa, ni Evod.

Mzee Hermenegildi, Edna, na wote wa nyumba ile, poleni. Poleni sana. Bwana ampumzishe.

Na wewe unayenisikiliza, tafakari. Ukiambiwa fulani hafai kuongoza kwa sababu ya alikozaliwa, usiitikie tu. Kesho asubuhi pita kwake. Ukimkuta anafagia, msalimie, kisha urudi ukawaambie waliokuambia: anakaa hapa.