Nembo Inayosomwa kwa Kidole Gumba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Muuguzi Mkuu wa hospitali yetu. Ndugu Afisa Ushirika. Waheshimiwa wajumbe wa bodi. Dada zangu na mama zangu wanachama wa ushirika huu wa sabuni, ambao kwa haki mngetajwa kwanza lakini itifaki imewaweka hapa. Ndugu wageni waalikwa. Na nyinyi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: nawaamkia nyote, kila mmoja kwa heshima anayostahili.

Nimepewa dakika kumi. Nilifundisha lugha kwa miaka thelathini na minne, na sikuwahi kumaliza somo kabla ya kengele wala baada yake. Kwa hiyo msitazame saa, nitaitazama mimi.

Tumekuja kufungua karakana yetu ya pili. Mnaziona kuta zake, mnaiona mashine mpya ya kugandamiza, mnaziona rafu ambako sabuni hulala wiki nne hadi ikauke na kupoteza ukali. Mnaiona pia nembo yetu juu ya mlango. Wageni wengi wameipita bila kuinua macho, na siwalaumu, kwa kuwa haikutengenezwa kwa ajili ya macho. Nitaeleza ilivyofika pale, na maelezo hayo hayatakuwa ya kweli nisipokiri kosa langu. Wanachama wanalijua. Nadhani wamewahi viti vya mbele ili wahakikishe kwamba nitalisema lote.

Mwaka juzi hospitali ilitangaza kwamba inatafuta mtengenezaji mmoja wa sabuni wa kuhudumia wodi zote. Sharti moja liliandikwa kwa herufi nzito: kila kipande kiwe na alama ya mtengenezaji, na alama hiyo itambulike hadi sabuni inapokaribia kwisha. Sharti hilo halikuwa urembo. Sabuni bandia zilikuwa zimeingia wodini, zikaunguza mikono ya wauguzi na ngozi za watoto wachanga. Sisi tulikuwa wanachama arobaini na wawili. Tulikuwa tukifanya kazi siku tatu kwa wiki kwa kukosa wateja, na sabuni yetu, ambayo sikuwahi kuona aibu kuisifia, ilikuwa kipande cheupe kitupu. Tukiipata kazi ya hospitali, tunaendelea. Tukiikosa, tunafunga milango. Hapakuwa na njia ya tatu.

Hapahapa petu yupo msanifu wa nembo. Ana chumba kimoja juu ya duka la vioo, ana meza pana kuliko kitanda, na ana miaka kumi na tisa katika kazi hiyo. Kila mjumbe wa bodi alimtaja. Mimi, mwenyekiti wao, nikakataa. Kwa nini? Kwa sababu msanifu huyo ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, na mimi maisha yangu yote nimeogopa kunyooshewa kidole. Nikaona nikimpa kazi, watu watasema mwenyekiti analisha ukoo wake. Kwa hiyo nikaleta shindano. Tutangaze mtandaoni, nikasema, wachoraji wa dunia nzima walete michoro, wanachama wapige kura kwa simu, na mmoja tu ndiye alipwe. Bodi ikapiga makofi. Ilisikika kama haki yenyewe.

Nikaenda kumweleza mpwa wangu, maana sikutaka aisikie habari hiyo barabarani.

"Na wewe unaweza kushiriki kama mtu mwingine yeyote," nilimwambia.

"Nishiriki vipi, Mjomba?"

"Unachora, unatuma. Ukishinda, unalipwa."

"Na nisiposhinda?"

"Utakuwa umejaribu."

Akaweka kalamu chini. "Hiyo suti uliyovaa, Mjomba, uliwaita mafundi cherehani wangapi waje na suti walizokwisha kushona, ukavaa moja, ukawaambia wengine kwamba wamejaribu?"

"Usinijibu hivyo. Mimi ni mjomba wako."

"Ndiyo maana nakujibu kwa upole."

Hakushiriki. Nami nikarudi nyumbani nikiamini kwamba nimemshinda kwa unyoofu.

Kanuni za shindano nilizitunga mwenyewe, vifungu kumi na kimoja, na kila koma niliiweka mahali pake. Kifungu cha saba ndicho kilichonipendeza zaidi. Kilisema kwamba mshiriki yeyote asiwasiliane na waandaaji, wala waandaaji wasijibu swali lolote, ili asiwepo wa kupendelewa. Kwa siku kumi tukapokea michoro mia tatu na kumi na saba. Kulikuwa na matone, majani, maua, njiwa, na mmoja alituletea simba, sijui aoge vipi. Katika watu wote hao, mmoja tu aliandika barua. Aliuliza: "Samahani, sabuni yenu ikilowa, huteleza mkononi au hushika?"

Nilimfuta kwenye shindano kwa kuvunja kifungu cha saba.

Chekeni tu, nimestahili. Mtu pekee aliyetaka kuijua sabuni yetu ndiye niliyemfukuza, na nilimfukuza kwa wino mwekundu.

Mchoro ulioshinda ulikuwa mkono ulioshika tone, na kuzunguka tone mapovu kumi na tisa, yakianza kwa rangi ya buluu na kufifia taratibu hadi zambarau. Kwenye simu ulipendeza kama mwaliko wa harusi. Tukachapisha karatasi za kufungia. Kisha nikaupeleka kwa fundi chuma, ili achonge muhuri wa kugandamizia sabuni. Akauweka mbali na macho, akauleta karibu, akaugeuza.

"Mzee, haya mapovu nitayachonga kwa kitu gani, kwa kope?"

"Kwa patasi yako."

"Na hii rangi inayofifia? Chuma nikiambie kifiche uso?"

"Chonga kama ilivyo," nikamjibu. "Kura zimekwisha kupigwa."

Akachonga. Dada yetu wa mashine, ambaye nyote mnamwita Bi Mizani kwa sababu jicho lake halikosei gramu, akagandamiza kipande cha kwanza na kuniletea kwenye kiganja. "Hongera, Mwenyekiti," akasema. "Tumepata chura aliyekanyagwa na lori." Nikamwambia macho yake hayakuzoea sanaa. Tukapeleka sampuli hospitalini hivyohivyo. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, majibu yako nimeyahifadhi, kwa sababu sijapata kusoma barua fupi iliyoandikwa vizuri hivyo: "Sabuni ni nzuri. Ikioshwa mara mbili haijulikani ni ya nani. Mna siku sitini."

Juma lilelile ikaja barua nyingine, ya mawakili, kutoka nchi ya mbali. Kampuni moja ya pampu za maji ilikuwa inatumia mkono uleule na tone lilelile tangu mwaka uliotangulia. Mchoraji wetu alikuwa amewauzia wao kwanza. Kwetu aliongeza mapovu. Tulipomtafuta mtandaoni, ukurasa wake ulikuwa umefungwa. Karatasi zote za kufungia tulizipeleka jalalani kwa toroli, na nililisukuma toroli hilo mwenyewe.

Tukaitisha mkutano. Bi Mizani akasimama kabla sijaufungua.

"Mwenyekiti, toka nje."

"Kwa kifungu gani?"

"Hakina namba. Tunataka kumjadili mpwa wako, na wewe ukiwepo utatusumbua kwa haki zako."

Nikatoka, nikakaa juu ya kreti chini ya dirisha. Baada ya dakika kumi na mbili nikaitwa nisomewe uamuzi: kazi apewe mpwa wangu. Hakuna aliyepinga, na hakuna aliyenitazama.

Sasa, Ndugu wageni waalikwa, nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye somo. Msanifu alifika kesho yake bila karatasi ya kuchorea. Alikuja na maswali. Mafuta huchemka kwa muda gani? Nani hushika waya wa kukatia? Sabuni hugandamizwa siku ya ngapi? Mchana kutwa aliuliza, na kila swali lingekuwa haramu kwa kifungu changu cha saba. Mwishoni akawaambia wanachama: "Kila mmoja aniletee kile kipande kilichobaki bafuni kwake, kile unachotaka kukitupa." Wakacheka, wakadhani ni mzaha. Wakaleta. Akavipanga mezani vipande thelathini na tisa, vyembamba na vyenye nyufa, akavikodolea macho kama daktari anayesoma picha ya mfupa.

Mimi nilikuwa nahesabu siku. Kati ya siku sitini, ishirini na nane ni za rafu, nazo hazipunguziki. Zilibaki thelathini na mbili. Siku ya saba nikapanda ngazi za duka la vioo.

"Umechora nini?"

"Bado, Mjomba."

"Siku saba!"

"Nasoma."

Alikuwa ameona kwenye vile vipande kwamba pembe za sabuni ndizo huisha kwanza, na katikati ndiko hubaki mwisho. Na chura wetu alikuwa ametandazwa hadi pembeni. Kisha akaomba ruhusa yako, Mheshimiwa, akasimama wodini siku tatu, karibu na karo la kunawia. Akaona jambo ambalo hakuna mmoja wetu aliyelifikiria. Muuguzi anaponawa haitazami sabuni. Anamtazama mgonjwa. Jicho halipo pale. Kilichopo ni kidole gumba.

Siku ya ishirini na moja akaniwekea karatasi moja mezani. Palikuwa na mraba mdogo, umekatwa na mstari mmoja mnene, na mstari huo umelala kidogo upande.

"Huu ni mraba na mstari," nikasema. "Wiki tatu kwa mraba na mstari?"

"Mjomba, wewe darasani ulikuwa ukitufutia maneno hadi yanabaki sita, halafu unatuambia sasa ndiyo sentensi. Hukuwahi kututaka radhi."

"Na kwa nini mstari umepinda?"

"Haujapinda. Nenda ukawaangalie wakikata."

Nikaenda. Nimekuwa mwenyekiti kwa miaka sita, na siku ile ndiyo niliyowatazama kwa mara ya kwanza. Wawili hushika waya, huku na huku, na mmoja daima huanza kuvuta kabla ya mwenzake. Kwa hiyo mkato wetu hulala. Umelala hivyo tangu sabuni ya kwanza. Nilikuwa nikiuona kama kasoro na nimewahi kuandika waraka kuhusu jambo hilo. Yeye aliuona akasema: hawa ndio wenyewe.

Fundi chuma akachonga kwa siku sita, akiimba. Sabuni ikagandamizwa, alama katikati, kwa kina, pande zote mbili. Ikalala kwenye rafu siku zake zote. Siku ya hamsini na tisa tukaipeleka. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naambiwa uliinawia mwenyewe kwa siku kadhaa, hadi ikawa nyembamba kama biskuti, ukafumba macho, ukapitisha kidole gumba, ukasema: "Ndio wao." Maneno mawili. Sisi huku tulilia kama watoto, na nisingependa mtu aandike kumbukumbu za kikao kile.

Leo wanachama ni sabini na mmoja, na tunafanya kazi siku sita kwa wiki. Mwezi uliopita waghushi walijaribu kupenyeza boksi hospitalini likiwa na nembo yetu. Mhudumu wa usafi alishika kipande kimoja, hata hakukitazama, akasema boksi lirudi lilikotoka. Mnajua walikosea nini? Waliunyoosha mstari. Walidhani sisi ndio tuliokosea, wakatusahihisha. Nami nakiri mbele yenu kwamba ningekuwa mimi, ningeunyoosha vilevile.

Asitokee mtu akasema kwamba nimesimama hapa kuwatukana wale mia tatu na kumi na saba. Mmoja alitudanganya. Waliobaki walifanya kazi kwa mikono yao wenyewe, tukawafanyisha gizani, tukawafungia mlango wa kuuliza, na hatukuwalipa hata shukrani. Je, hiyo ndiyo haki niliyojivunia? Yule aliyeuliza kama sabuni yetu huteleza nimemwandikia kumwomba radhi. Hajajibu, na hana wajibu wa kujibu.

Msanifu wetu, naomba usimame. Simama, mwanangu, watu wakuone. Kumpa mtu kazi kwa sababu ya undugu ni dhuluma. Nimelifundisha hilo na nitalifundisha tena. Lakini nilikunyima kazi kwa sababu ya undugu, na hiyo nayo ni dhuluma, ila imevaa suti. Nililinda jina langu kwa riziki za wanawake arobaini na wawili na kwa miaka kumi na tisa ya kazi yako. Nimekosa. Nasema hivyo kwa sauti, katika sentensi fupi, na sitaongeza neno.

Mpigieni makofi. Zaidi. Yamfikie hadi mgongoni.

Jambo la mwisho si la ushirika, nanyi mtanivumilia. Mama yake, dada yangu, amekaa safu ya tatu. Tangu shindano lile hakunisemesha kwa miezi minne. Majibu ya mwisho ya hospitali yalipotoka alinipigia simu, akasema "Haya," akakata. Hilo ndilo neno pekee nililolipata kwake hadi asubuhi hii. Dada, sherehe ikiisha nitakuja kukaa kwenye hicho kiti kilicho kando yako. Usinionee huruma, niambie yote uliyoyaweka moyoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wajumbe, wanachama na wageni wetu, dakika zangu zimetimia. Nawashukuru kwa kuja, na asanteni kwa masikio mliyonipa.