Ragna Tveit, Aliyeuliza Mara ya Tatu

Mchungaji, majirani zangu wa Strandby, watoto wa marehemu, na nyinyi wageni mliosafiri kutoka Washington mkaja na viatu visivyofaa theluji, mimi ni Palmer Tveit, mdogo wake marehemu, na familia imenikabidhi karatasi hii niisome, ijapokuwa wote mnajua kwamba aliyejaliwa ulimi nyumbani kwetu ni huyu aliyelala mbele yenu, mimi nilijaliwa trekta.

Marehemu Balozi Ragna Kristine Tveit alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Februari 1940, katika nyumba ya shamba letu, maili tano mashariki ya Strandby, jimbo la Minnesota, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Osvald Tveit, mkulima wa ngano na viazi, na mama Thea, na alibatizwa katika kanisa hili hili siku ya Pasaka, tarehe 24 Machi mwaka huo, na mama alipenda kusimulia kwamba hakulia, alimkazia macho mchungaji mpaka mzee wa watu akapoteza ukurasa.

Alianza masomo Septemba 1946 katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa njiapanda, akaendelea na sekondari hapa mjini, akahitimu Mei 1957 akiwa wa kwanza katika darasa la watu kumi na mmoja, jambo ambalo yeye hakulitaja kamwe na mama hakuacha kulitaja. Lakini elimu iliyomfikisha mbali aliipata jikoni, kwa sababu kwetu, kama mjuavyo, mtu akikaribishwa kahawa hukataa, akikaribishwa tena hukataa tena, na ni mara ya tatu ndipo anaponyoosha mkono. "Kahawa?" mama angesema. "Hapana, nisikusumbue." "Kidogo tu." "Nimeshakunywa nyumbani." "Basi nusu kikombe." "Haya, maadamu umeshaichemsha." Na huyo aliyetaka nusu angeondoka na vitatu tumboni pamoja na mkate wa viazi wenye siagi, na anayekubali mara ya kwanza tulimwona mlafi, na anayekaribisha mara mbili tu akanyamaza tulimwona mchoyo.

Theluji ilipoyeyuka mwaka 1953, baba na jirani yetu mzee Nels Aune walikuwa mwaka wa pili hawasemeshani, kisa ni mtaro wa kutolea maji uliopita mpakani, baba akitaka wauchimbe upya kwa pamoja na Aune akisema mtaro hauna kasoro, na siku ya Jumamosi, tarehe 18 Aprili, baba alikwenda kwa Aune asubuhi, akaenda tena alasiri, akarudi amenuna, akatangaza mezani kwamba sasa wataonana mahakamani. Ragna, akiwa na miaka kumi na mitatu, aliuliza bila kuinua kichwa kwenye sahani, "Baba, umemuuliza mara ngapi?" "Mbili." "Sasa mbona unalalamika na hujamaliza?" Mama aligeukia jiko ili asionekane anacheka, baba akachukua koti lake, na ilipofika saa moja wazee wawili walikuwa wamesimama ndani ya matope wanabishana kuhusu kina cha mtaro, maana yake walikuwa wamekwisha kupatana.

Alisoma historia na Kihispania katika chuo cha kanisa letu kusini mwa jimbo, akatunukiwa shahada Juni 1961, akafundisha sekondari miaka miwili huko Duluth, akafaulu mtihani wa kuingia katika utumishi wa kibalozi, na siku ya Jumatatu, tarehe 14 Septemba 1964, aliapishwa Washington. Alichokitaka kilikuwa kimoja, naye alikisema waziwazi siku nilipompeleka kituo cha treni, kwamba anataka kukaa mezani pale nchi mbili zinapozungumza, mezani hasa, si nje ya mlango ameshika makoti ya watu. Zama hizo wanawake mezani walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vingine vingebaki. Walimpeleka Guayaquil, nchini Ekuador, wakamweka dirishani kugonga mihuri ya viza.

Tarehe 2 Novemba 1966 aliitwa Washington na bwana mmoja wa utumishi, mtu wa Boston, muungwana kabisa, akamwambia, "Bibi Tveit, kuna nafasi ya ofisa wa siasa katika ubalozi wetu mmoja mkubwa, ungeipenda?" Dada yangu, ambaye alikuwa ameiota nafasi hiyo tangu akiwa msichana wa shule mwenye soksi ndefu, alijibu, "Sijui, nadhani wapo wanaofaa kuliko mimi." Yule bwana akamuuliza kama ana hakika, naye akasema, "Nisingependa kumsumbua mtu," kisha akaweka mikono mapajani, akangoja aulizwe mara ya tatu. Yule bwana aliandika kitu kwenye jalada, akainuka, akamfungulia mlango, na nafasi ile ikaenda kwa kijana aliyesema ndiyo kabla swali halijafika mwisho. Miaka mingi baadaye Ragna alilisoma jalada lake, akakuta pale maneno mawili tu, hana hamu.

Mama alimwandikia kwamba amefanya vizuri kutojirusharusha, na kwamba bila shaka yule bwana atauliza tena, naye mama aliingoja barua ya habari hiyo mpaka Krismasi ya mwaka 1967. Mimi nilimwandikia, "We dada, huko ukiambiwa kula, kula," na nikacheka peke yangu ghalani, lakini yeye hakucheka, alirudi dirishani Guayaquil, na baadaye dirisha la mji mwingine, na jumla yake alikaa madirishani zaidi ya miaka sita, na kila alipokuja likizo niliona anaongea kwa sauti ndogo zaidi kuliko mara iliyopita, nami niliogopa kwamba wamemmaliza.

Aprili 1971 nchi mbili, ambazo wageni wetu wameniomba nisizitaje kwa majina, zilikutana hotelini katika nchi ya tatu kuzungumzia maji ya mto unaopita kwao, Wamarekani wakiwa wapatanishi chini ya Balozi Whitcombe Sayles, na kwa kuwa mwandishi wa kumbukumbu alikuwa amevunjika mguu, Ragna alichukuliwa kushika kalamu, akaonywa kwamba kalamu haina mdomo. Waziri wa nchi ya juu ya mto, mzee aliyeweka kofia yake magotini wakati wote, aliombwa Jumatatu aruhusu maji zaidi yateremke wakati wa kiangazi, akakataa huku akishukuru sana, akaombwa tena Jumatano, akakataa na kushukuru zaidi, na jioni hiyo Balozi Sayles aliamuru watu wafungashe.

Ragna alisimama mlangoni mwa chumba chake. "Bwana Balozi, naomba aulizwe tena." "Amekataa mara mbili, Bibi Tveit, si wewe mwenyewe uliyeandika?" "Ndiyo, bwana. Mara mbili ni adabu tu, bado hajasema hapana." "Hiyo umeisoma kitabu gani?" "Sijaisoma, nimelelewa nayo. Watu wake hawajaagiza magari ya kwenda uwanja wa ndege, na yeye ameniuliza kama kesho tutakuwepo wakati wa kifungua kinywa." Balozi alimtazama, akasema, "Na akikataa, mimi nitakuwa nimeaibishwa na mwandishi wangu." "Akikataa, nirudishe dirishani nisitoke tena." Nawaomba mwelewe kwamba hilo hakulisema kwa majigambo, alijua vizuri dirisha ni nini, na alijua kwamba safari hii hakuna ambaye angekuja kumtoa.

Alhamisi, tarehe 22 Aprili, saa mbili asubuhi, Balozi alimwachia Ragna aulize mwenyewe, kwa Kihispania, mbele ya watu kumi na wanne, akiwa ameketi kwenye meza hiyo aliyoitamani miaka yote. Aliuliza kwa upole, na yule mzee aliitazama kofia yake kwa muda ambao Balozi Sayles alipata nafasi ya kukunja karatasi zake zote, kisha akasema, "Kama haitawasumbua sana, labda tungeweza kufikiria nusu." Mkataba ulitiwa saini Jumamosi, tarehe 24 Aprili, na kwa habari niliyopewa asubuhi ya leo na bwana aliyeketi kiti cha pili pale, maji yale yangali yanateremka kila kiangazi. Tarehe 1 Julai mwaka huo Ragna alipandishwa kuwa ofisa wa siasa, mwaka 1984 akaapishwa kuwa balozi kwa mara ya kwanza, akawa balozi katika nchi tatu, na mawaziri wa mambo ya nje wa vyama vyote viwili walimpigia simu kabla ya kufungua mdomo kuhusu jambo lolote lenye mto au mpaka ndani yake, mpaka alipostaafu tarehe 30 Septemba 2003.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Juni 1973, katika kanisa hili, na Bwana Desmond Fontenot, mhandisi wa madaraja kutoka Louisiana. Desmond alikuwa amemposa mwaka 1969, na tena mwaka 1970, na mara zote mbili alikataliwa, kwa sababu enzi hizo mwanamke wa utumishi wa kibalozi akiolewa alitakiwa kuacha kazi, na sharti hilo likaja kuondolewa mwaka 1972. Sisi tulikaa tukisubiri Desmond arudi mara ya tatu, lakini watu wa Louisiana ukiwaambia hapana wanasikia hapana, kwa hiyo Ragna alipiga simu mwenyewe, kutoka jikoni kwa mama, sote tukisikiliza. "Desmond, kuna jambo uliniuliza mara mbili. Utaona tabu kuliuliza tena?" "Ragna, si ulinikataa?" "Mimi sikukukataa, ni serikali ilikukataa. Sasa imeacha." Walijaliwa watoto wawili, Thea Claudine, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1975, na Lucien, aliyezaliwa tarehe 20 Agosti 1978, ambao wote mnawaona hapa mbele, na Desmond alitutangulia mwaka 2014, na ndipo dada akarudi kuishi katika nyumba aliyozaliwa.

Tarehe 17 Oktoba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa dawa za mishipani hadi mwisho wa mwaka, na Januari daktari alipomshauri aanze duru ya pili alisema hapana, na daktari, ambaye ni mtu wa huku kwetu, alirudi kesho yake akauliza tena, naye akasema hapana tena. Mimi nilipumua, nikajua ya tatu ndiyo yenyewe, nikavuta kiti kando ya kitanda, lakini yeye aliniwahi, akasema, "Palmer, usihesabu. Nilipokuwa dirishani nikiwanyima watu viza nilijifunza kusema hapana moja, na hii ndiyo." Nilimuuliza mara ya tatu hata hivyo, akatikisa kichwa. Nikamuuliza mara ya nne, na hiyo ya nne, ndugu zangu, haikuwa adabu wala desturi ya mtu yeyote, ilikuwa ni mimi tu, mzee wa miaka sabini na saba, sitaki dada yangu afe. Alinishika mkono akasema, "Kunywa kahawa, inapoa," nami nikainywa bila kukataa hata mara moja. Alifariki dunia Jumatatu, tarehe 11 Machi 2024, saa nne asubuhi, nyumbani, watoto wake wakiwa pande zote mbili.

Familia inawashukuru Dakta Amundrud na wauguzi waliokuja shambani kila siku hata barabara ilipofungwa, inawashukuru majirani, na hasa ukoo wa Aune, waliotusafishia njia ya kupita bila kuombwa, inamshukuru Bwana Verlyn aliyeipasha moto ardhi iliyoganda siku mbili ili kaburi lichimbike, inawashukuru wenzake wa Washington waliokuja na waliotuma salamu, na akina mama walioandaa chakula katika chumba cha chini ya kanisa, ambako nawaomba wageni wetu wasiondoke wakikaribishwa mara ya kwanza na wakasema wameshiba, hakuna atakayewaamini.

Ragna, dada yangu, nimemaliza kuuliza. Pumzika kwa amani.