Moshi Katika Shamba la Bi Fakhriya

Mbele ya duka la Yaqoob, pale nyumba za mji wa Ibra, huko Omani, zinapoishia na mashamba ya mitende yanapoanza, kuna benchi la saruji ambalo asubuhi za baridi hupata jua kabla ya mahali pengine popote mtaani. Wastaafu hukutana hapo kunywa kahawa. Dele la kahawa hulileta Yaqoob mwenyewe, tende huleta yeyote aliye nazo, na maneno huyaleta Sinan, ambaye hakuna amwitaye Sinan. Wote humwita Redio, kwa kuwa akishafunguka hana kitufe cha kuzimia. Pembeni yake hukaa Marhoun, aliyezaliwa na kukulia Bujumbura, na hivyo ndivyo anavyoitwa: Bujumbura. Wa mwisho ni Humaid. Yeye alikuwa mkuu wa idara serikalini huko Maskati, na mpaka leo benchi zima linamwita Mudiri, ingawa siku hizi hana wa kumuongoza isipokuwa mitende, nayo haimsikilizi.

Asubuhi hiyo ya Januari Redio alifika akihema. Alikuwa amepita nyuma ya shamba la Bi Fakhriya akaona moshi unatoka ardhini. Tena si moshi wa moto, alisema. Hakuna ndimi, hakuna harufu ya kuungua. Ardhi yenyewe imefanya kilima, na kilima kinapumua.

Wote wakamtazama Humaid, kisha wakarudi kutazama vikombe vyao. Bi Fakhriya ni dada yake Humaid, wa tumbo moja, na mashamba yao yametenganishwa na ukuta wa udongo usiofika hata kiunoni. Wawili hao walikuwa hawasemezani tangu mirathi ya baba yao ilipogawanywa. Humaid alitaka shamba lote liuzwe. Fakhriya, mwalimu mstaafu wa skuli, akasema fungu lake haliuzi, atalilima. Yakatoka maneno ambayo hayakuwa ya kutoka, na tangu hapo ikawa salamu za Idi tu, nazo kupitia watoto.

Lililomuuma Humaid zaidi ni lile ambalo kila mpita njia aliliona. Maji ya falaji, ule mfereji wa tangu enzi za mababu unaowagawia watu kwa zamu, yalikuwa yamepungua kwa kukosa mvua. Ndugu hawa walinywesha mashamba yao kwa mfereji mmoja. Lakini upande wa Humaid ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, mindimu imekufa, na tende za kiangazi kilichopita zilidumaa, zikaanguka kabla ya kuiva. Upande wa dada yake mitende ilisimama kijani, na chini yake zilijaa figili, giligilani na kunde. Humaid alitia mbolea ya dukani, akapiga dawa, akapiga tena. Mwishowe alichoka. Alikwisha kupatana na mkandarasi kwamba Jumapili lije tingatinga ling'oe mitende yote, pajengwe istiraha, vile vijumba vyenye bwawa la kuogelea ambavyo watu wa Maskati hukodi mwisho wa wiki. Benchi lilijua. Hakuna aliyelipenda jambo lile, na hakuna aliyemwambia.

Redio, ambaye mwaka mzima alikuwa ameshikilia kwamba Bi Fakhriya anaiba maji kwa bomba lililopita chini ya ukuta, siku ile aliitupa nadharia yake bila huruma. Sasa ilikuwa gesi. Serikali itakuja, itazungushia uzio, na mtaa mzima utahamishiwa kwenye majumba mapya Maskati. Yeye ameshachagua la kwake, karibu na bahari, lenye upepo.

Bujumbura akasema gesi haipumui. Yeye anaijua milima ya moto. Utotoni alipelekwa kwa wajomba zake upande wa Goma, akaona mlima unaofuka mchana na kuwa mwekundu usiku, na wenyeji walimwambia kitu kile huanza hivyo hivyo, kama kichuguu nyuma ya nyumba ya mtu. Kwa heshima zote alimshauri Mudiri asijenge istiraha juu yake, maana wageni wataogelea ndani ya supu.

Humaid alinyoosha kikombe aongezwe kahawa. Hapo Yaqoob, ambaye kwa kawaida huacha wengine wapayuke, akasema ya moto hayajui, lakini analijua jambo moja. Kila wiki Bi Fakhriya huchukua dukani kwake nyanya zilizooza, majani ya kabichi, maboksi matupu, na hata machicha ya kahawa ya dele hili wanalonywea. Mwanamke anayeishi peke yake hali nyanya zilizooza. Kuna kitu anakifuga.

— Anayekula maboksi ni mbuzi, akasema Redio.

— Mbuzi hatoi moshi, akajibu Bujumbura.

— Basi si mbuzi.

Kutoka hapo safari ya maneno kwenda Bahla ilikuwa fupi, maana kila mtu anajua mji ule unasifika kwa uchawi na majini. Redio akaeleza kwamba kuna majini wa kukodi huko, wafanyakazi hodari, hawadai mshahara wala likizo, lakini lazima walishwe, na kahawa wanaipenda sana. Bujumbura aliuliza kama wanaipenda na iliki. Humaid, mtu mzima aliyesoma na kuongoza ofisi, alijishtukia anaiunga mkono habari ile moyoni. Kama ni jini, basi yeye hana kosa.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa Muatasim, mkwe wa Bujumbura, mwenyeji wa Sur, aliyemuoa binti wa Bujumbura miezi michache iliyopita na sasa amekuja kumsalimia baba mkwe. Kiswahili chake kilikuwa cha kusikia kwa bibi yake, alikitumia polepole kama mtu anayevuka juu ya mawe. Alikuwa amesikiliza yote, bomba, gesi, mlima na jini, kwa adabu kamili.

— Samahani, wazee wangu, akasema. Huyu mama, nyumba yake mbali?

— Ukuta ule pale, akamwonyesha Yaqoob.

— Sasa nyinyi mumemuuliza yeye?

Redio akaokota tende, akaanza kuichunguza kama ina mdudu. Yaqoob akaingia dukani na dele ambalo bado lilikuwa zito. Bujumbura alimtazama mkwe wake kama anayeifikiria upya ile ndoa. Hakuna aliyekwenda kumuuliza, na sababu walikuwa wote wanaijua: hawakutaka kumvunjia heshima Mudiri kwa kupiga hodi kwa dada asiyesema naye. Humaid aliliona hilo waziwazi, kwamba watu wazima hawa walikuwa wamehangaika mpaka Goma na Bahla ili wasivuke ukuta mmoja kwa ajili yake. Akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akakiweka chini, akaondoka bila kuaga.

Alimkuta dada yake kwenye kile kilima, anakigeuza kwa beleshi, mvuke unampanda usoni. Humaid alisimama penye mlango wa shamba.

— Shikamoo, dada.

Beleshi likasimama.

— Marahaba. Nani amekufa?

— Hakuna. Nimekuja kuuliza. Hiki ni nini?

— Tia mkono.

Humaid aliwakumbuka majini wa Bahla, lakini hakuthubutu kuwataja. Kisha akatia mkono. Ndani palikuwa na joto kama mkate uliotoka sasa hivi kwenye tanuri.

— Ni mboji, akasema Fakhriya. Vitu vikioza vizuri hupata joto. Asubuhi ya baridi unauona mvuke.

Akamweleza huku akiendelea na kazi. Alianza kwa sababu ya kifua. Moshi wa kuchoma makuti ulikuwa ukimbana, basi akaacha kuyachoma, na kwa kuwa hakuwa na pa kuyapeleka akayakatakata na kuyatandaza chini ya mitende. Baadaye akaona kwamba maji ya zamu yake, chini ya yale makuti, hukaa ardhini siku nyingi, wakati penye ardhi tupu adhuhuri tu pameshakauka. Mboji ya kwanza iliharibika ikanuka vibaya mpaka akajifunza kuchanganya vikavu na vibichi na samadi ya mbuzi. Kunde alizipanda kwa sababu hurutubisha udongo, na pia kwa sababu anazipenda na nazi. Dawa aliacha kupiga, maana iliua mdudu anayeifyonza mitende na kuyafanya makuti yanate, na ikaua pia vile vidudu vyekundu vya madoa vinavyomla mdudu huyo. Msimu mmoja mdudu alimshinda, na mtende mmoja ukafa. Karibu akate tamaa. Kisha vidudu vyekundu vikarudi vyenyewe.

— Mimi nilidhani unazidisha maji, akasema Humaid.

— Nikizidisha mimi, nani atapunguziwa? Falaji haiishii kwangu. Chini kule kuna watu.

Humaid akamwambia habari ya tingatinga. Fakhriya alikwisha kusikia, nani hakusikia. Alisema fungu ni lake, afanye apendavyo. Baada ya kugeuza mabeleshi kadhaa akaongeza:

— Lakini mtende ule alioupanda baba ukishang'olewa, wewe na mimi hatuishi kuuona mwingine ukifika urefu ule.

Humaid akatoa simu, akampigia mkandarasi pale pale. Akamwambia asije Jumapili. Mkandarasi akauliza basi aje lini, na Humaid akasema tende zivunwe kwanza, waone. Mkandarasi alilalamika sana, mpaka sauti ikasikika nje ya simu. Fakhriya alijifanya anachagua mawe kwenye udongo.

Simu ilipokatika akauliza, bila ya kumtazama:

— Na siku zote hizi mbona hukuja?

Humaid alikunja mikono ya kanzu yake. Kisha akasogea karibu na dada yake, matope yakamwingia viatuni. Fakhriya hakungoja jibu. Aliliendea rundo la makuti, akavuta moja refu, yeye akashika upande wa miiba aliouzoea na kumwambia Humaid ashike upande mwepesi. Wakaliinua, wakalipitisha juu ya ukuta, wakalilaza chini ya mtende wa kwanza wa upande wa Humaid.