Kosa la Kuzima Injini

Benchi la wanywa kahawa ni ubao uliolazwa juu ya mitungi miwili mibovu ya gesi, mbele ya karakana ya Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma. Jioni hiyo birika la kahawa lilikuwa limejaa, lakini Cheche hakuwa akinywa. Alikuwa akikoroga tu kikombe chake, amefura kwa hasira. Binti yake, ambaye kazi yake ni kuongoza chombo cha anga akiwa mbele ya kompyuta, alitakiwa kesho asubuhi aende kwa wakubwa wake, ajieleze kwa nini alizima injini bila ruhusa.

— Bila ruhusa! Chombo kimepofuka, yeye aanze kutafuta ruhusa?

— Kimepofushwa na nini hasa? akauliza Redio, kinyozi asiyejua kunyamaza.

— Na injini yake yenyewe! Inasukuma kwa gesi yenye umeme. Ile gesi ikitoka nyuma inang'aa, rangi ya samawati. Sasa kuna kamera inayotafuta njia kwa kutazama nyota. Ikaona ule mng'ao, nyota zote zikapotelea humo. Chombo kikaanza kuzunguka kama pia. Binti akazima injini, mng'ao ukaisha, nyota zikarudi. Hilo ndilo kosa lake!

— Kumbe ni kama wewe ukichomelea bila kinyago.

— Umeona? Wangeivalisha kamera kioo cheusi, yakaisha.

— Hapana, akadakia dereva mstaafu, ambaye kwa kulipenda neno hilo walimwita Hapana. Kioo cheusi, halafu nyota itazionaje? Wewe ukivaa kinyago chako, hata mlango unauona?

Cheche akarudia kukoroga kahawa yake. Hilo hakuwa amelifikiria.

— Mimi nasema ni hujuma, akasema Redio. Aliyefunga kamera karibu na injini alijua anachofanya.

— Hapana. Nyota zenyewe zimepunguzwa. Zamani hazikuwa chache hivi.

— Zimepunguzwa na nani, mzee?

— Wenye taa za barabarani. Ili taa zao zionekane za maana.

— Mnamfanyia mzaha mtoto wangu! Cheche akapiga ubao, vikombe vikaruka. Mtu aweke jicho karibu na moto, halafu mzembe awe binti yangu?

— Basi mimi simnyoi mkubwa yeyote wa pale! Redio naye akapandisha. Waende na manywele yao!

Dada yake Cheche akawakuta katika kelele hizo, kikapu mkononi.

— Nimetoka kwa binti yako sasa hivi, kaka. Anajifunza maneno ya kusema kesho. Anayasema, anayasahau, anaanza upya.

— Mwambie baba yake yuko nyuma yake!

— Nyuma wapi? Kesho anakwenda na nani?

Cheche alitazama viganja vyake vyenye masizi, kisha akaanza kufungua kamba za aproni yake ya ngozi, polepole.

— Dada, kwako kuna pasi ya kunyooshea shati?