Mabakuli ya Mboga na Moyo Wangu Unaorukaruka

Bwana asifiwe! Na kwa wale walioitika kwa sauti ndogo kama wamelala njaa, nasema tena: Bwana asifiwe sana! Majirani zangu Waislamu mliokuja kunisikiliza leo, asalaam aleikum, sogeeni mbele, benchi lipo. Katekista amenionyesha saa kabla hata sijafungua mdomo. Nimeiona, mwanangu. Lakini ushuhuda huu ukifupishwa unaharibika, na kwa nini, mtaona wenyewe.

Ndugu zangu, mnanijua. Shule niliiacha mapema nikamfuata baba kwenye mkonge. Kilichonikuza ni jembe na maneno. Sikuwahi kuugua zaidi ya malaria, mpaka moyo ulipoanza kurukaruka. Nimekaa zangu nachambua mchele, unakimbia, unasita, unapiga mara mbili kwa pamoja, unakimbia tena, kama kuku aliyefungwa kwenye tenga. Nikifua kitenge kimoja, nahema kama nimepanda mlima.

Binti yangu Rehema akanichukua nikae kwake Mikumi. Ana mgahawa kando ya barabara kuu, pale madereva wa malori wanapokula. Kwake ni wali, maharage na nyama kila siku iendayo kwa Mungu. Na nyani! Siku moja nyani aliingia jikoni akatoka na chapati mbili, moja ya kula, moja ameikumbatia kama mtoto. Lakini turudi kwenye moyo.

Hospitali walinibandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye mistari iliyovurugika kama mwandiko wangu. Daktari akaniambia vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma. Damu inazubaa mle ndani, inaweza kuganda, na lile bonge likipanda kichwani unapata kiharusi.

Niliposikia kiharusi, nilishika ukingo wa meza. Mnamkumbuka dada yangu Eliza, marehemu. Sauti yake ilikuwa inatangulia kwaya yote. Kiharusi kilipomshika, kilimwachia neno moja tu: basi. Akitaka maji, basi. Akimwita mwanawe, basi. Akilia, basi. Ndugu zangu, mimi nina nini katika dunia hii? Kashamba na mdomo wangu. Nikinyang'anywa mdomo, ninabaki na nini?

Nikapewa dawa ya kutuliza mbio za moyo, na nyingine ya kuzuia damu isigande. Hii ya pili ina masharti: lazima upimwe damu mara kwa mara, maana ikizidi unavuja damu, ikipungua damu inaganda. Wakanipima pale Mikumi, wakapunguza, wakaongeza, mpaka ikakaa sawa. Nikarudi nyumbani hapa Masanze kwa furaha, niwe napimiwa Kilosa mjini.

Sasa sikilizeni! Kwetu hapa mtu akitoka hospitali haachwi apike. Na mliposikia natolewa damu kila mara, mkaamua wenyewe kwamba damu yangu ni chache. Upendo ulivyofurika! Huyu kaleta matembele, yule kisamvu, huyu mlenda. Mama Shabani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akawa anatwanga majani ya matembele, anakamua yale maji ya kijani, anasimama juu yangu kama askari.

"Kunywa, Mama Rehema, damu irudi!"

"Mama Shabani, hii ni juisi au ni bwawa?"

"Kunywa, hutaki kupona?"

Nilikunywa. Nani anakataa kikombe cha jirani?

Nikienda kupimwa, damu imerudi kuwa nzito. "Bibi, unameza dawa?" Nameza. "Kila siku?" Kila siku. Nikitaka kueleza, naambiwa nijibu ndiyo au hapana, foleni ndefu. Wakaona naruka dawa. Mimi, mama wa kanisa, nikarudi nyumbani nimebandikwa uongo usoni. Iliniuma kuliko ugonjwa.

Ndipo ikaja siku ile. Mchana kweupe, tunamenya karanga mimi na Mama Shabani. Nikataka kusema nipe ungo. Neno lisije! Nikafungua mdomo, hewa tupu. Mkono wa kulia ukalegea, karanga zikamwagika. Mama Shabani akacheka kwanza: "Leo Mama Rehema umekosa la kusema? Mvua itanyesha!" Kisha akaniona mdomo umekwenda upande. Alipiga kelele mpaka bodaboda akaja bila kupigiwa simu.

Njiani kwenda Kilosa nikiwa nimebanwa katikati, neno likarudi. Na neno lenyewe la kwanza, Mungu anisamehe, nilimwambia yule kijana, "Punguza mwendo, unataka kuniua kabla ya ugonjwa?" Mama Shabani nyuma yangu akaanza kulia na kucheka pamoja. Daktari akasema hilo lilikuwa onyo, bonge dogo limepita. Linalofuata huenda lisipite.

Ndugu zangu, hapo kila mtu akawa daktari. Rehema kwenye simu: "Mama, kuna dawa mpya, haina habari ya kupimapima. Au uende Dar, moyo ushtuliwe kwa umeme." Mzee mmoja wa maombi, simtaji, akasema vidonge ni imani haba, nivitupe chooni. Mama Shabani akasema vikombe viwe viwili. Nilipiga magoti nikaomba hivi: "Bwana, sijui nichague lipi. Nipe mtu mmoja tu wa kunisikiliza mpaka mwisho."

Niliporudi kliniki nikamkuta daktari mgeni, binti mdogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hebu nisimulie, tangu unaamka, siku yako inakwendaje?"

Haleluya! Nani amewahi kuniuliza mimi swali kama hilo! Nikaanzia kwenye jogoo wangu anayewika vibaya, nikapita kwenye sala, kwenye mbuzi wa jirani, nikafika kwa Mama Shabani. Yule binti akainua kalamu.

"Bibi, hebu rudi nyuma kidogo."

"Kwenye jogoo?"

"Hapana, kwenye juisi. Kikombe kidogo?"

"Kikubwa, kile cha uji."

Akashika kichwa. "Na mboga?" Nikamtajia mabakuli yote na wenyewe. Akacheka mpaka akavua miwani. Akanieleza kwamba mboga za majani zinaisaidia damu kuganda. Dawa inavuta huku, mboga zinavuta kule. Kipimo changu kiliwekwa nikiwa nakula wali na nyama ya Rehema, nikaja kuzamishwa kwenye matembele. Lakini akanionya nisije nikaziacha zote kwa mkupuo, maana damu itakuwa nyepesi mno. Ziwe kiasi kilekile, kila siku.

Kisha tukapima yote, mimi naye. Ile dawa mpya haina ugomvi na mboga, ila ukiisahau kidogo kinga inaisha haraka, na figo lazima ziangaliwe. Umeme unaweza kuurudisha moyo kwenye mwendo, lakini moyo unaweza kurukaruka tena, na dawa ya kuzuia damu isigande ningebaki nayo. Nikamwuliza, "Ningekuwa bibi yako?" Akasema, "Ningekwambia uchague lile utakaloliweza kila siku." Nikachagua kubaki na dawa yangu. Kupimwa sikuogopi, Kilosa nakutana na watu. Umeme nao sijaufungia mlango.

Nilipomwambia Mama Shabani, aliketi chini. "Kumbe nilikuwa nakuua!"

"Ulikuwa unanipenda. Sasa nipende kwa bakuli dogo."

Ndiyo maana siku hizi mnapokezana, mboga bakuli moja dogo kila siku, na juisi ya kijani imestaafu. Damu imetulia! Kila nikipimwa, imo mahali pake! Moyo bado unarukaruka, sitawadanganya madhabahuni. Kuku bado yumo tengani. Lakini hofu imetoka, ndugu zangu, na mdomo wangu ninao, mnausikia!

Namshukuru Mungu aliyejibu ombi la mwanamke mwenye maneno mengi. Wewe uliyekaa hapo na ugonjwa wako, mwamini Yeye, na vidonge vyako umeze. Ukifika kwa daktari usimfiche kitu, mwambie hata ulichokunywa kwa jirani. Na kama hakuna anayekusikiliza, omba. Mungu anaye mtu wa kukutumia.

Katekista anainua saa tena. Haya. Nitamaliza kwa lile neno la dada yangu Eliza. Kwake lilikuwa limebaki peke yake. Mimi nalisema kwa hiari, na mengine yote bado yamejaa mdomoni.

Basi.