Kibofu Kilivyomfungia Ndani Mama Kalista

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mama Kalista wa Ubaruku, mkulima wa mpunga. Mama Kalista amefariki kwa ugonjwa wa figo. Lakini kilichoanza ni kibofu. Kibofu cha mkojo kilichoshuka. Nataja wazi, na anayeona haya apunguze sauti.

Yalianza baada ya uzazi wa mwisho. Akibeba ndoo, akikohoa, akicheka, mkojo unamtoka. Akienda haja ndogo, anahisi haujaisha. Chini panamvuta, na ikifika jioni kuna kitu kama yai kinachungulia ukeni. Akamwambia mama mkwe wake, Bibi Ng'washi. Bibi akamjibu, "Nyamaza mwanangu. Hayo ndiyo mambo ya kuzaa."

Akanyamaza. Jamani, alinyamaza mpaka watoto wakawa watu wazima!

Mnajua alipokuwa na raha? Kwenye majaruba ya mpunga, msimu wa kupandikiza. Pale kila mwanamke ameinama majini na kila kitenge kimelowa. Nani atamjua? Alipandikiza hata mashamba ya watu, wakamsifu kwa bidii. Maji yakikauka, anajifungia ndani. Kanisani haendi. Misibani haendi. Hata bintiye Eveline alipoolewa Iringa, pale Mlandege, mama hakupanda basi.

"Nilimnunia," anasema Eveline. "Nilifikiri hampendi mume wangu."

Tena akaacha kunywa maji, eti mkojo upungue. Inauma kusema. Ule unaobaki ndani ukaleta maambukizi, yakatibiwa, yakarudi, yakapanda kwenye figo. Daktari alipompima alisema kibofu hicho kilikuwa kinatibika tangu mwanzo. Kilikuwa kinatibika, wasikilizaji.

Msibani, Eveline alisimama mbele ya akina mama akataja ugonjwa wa mama yake bila kuuma maneno. Bibi Ng'washi akajifunika uso kwa khanga.

"Mjukuu wangu, hata mimi ninao. Tangu nilipomzaa baba yako. Nilijua wanawake wote tunaishi hivi."

Wiki hii Eveline amempeleka hospitali.

Mzee Ndalahwa, mume wa marehemu, Eveline na ukoo wote, poleni sana. Mungu ampumzishe Kalista. Nasi tujiulize. Nyumbani kwako kuna mama ambaye siku hizi hatoki, kila safari ana udhuru? Usimnunie. Kaa naye karibu, umuulize.