Recho na Programu ya Kulipia

BIBI: Haloo, ni nani wewe unayenipigia mikono ikiwa imejaa dagaa?

RECHO: Ni mimi, Bibi. Recho. Shikamoo. Na kwa Kiha chetu, mwakeye!

BIBI: Marahaba, mke mwenzangu. Huko Kidahwe hamjambo? Hao wanafunzi wako wamejua kujumlisha?

RECHO: Wanajumlisha kwa vidole. Bibi, niko mapumziko ya chai, nina dakika chache tu, nilitaka—

BIBI: Ngoja niwafukuze kuku. Shii! Wanapanda chanja kama wameijenga wao. Haya. Nani kafa?

RECHO: Hakuna aliyekufa. Nataka ushauri. Kuna kitu nataka kununua, na mwisho ni leo.

BIBI: Kiwanja?

RECHO: Si kiwanja.

BIBI: Basi kitanda. Kile chako kilichoegemea tofali.

RECHO: Tofali liko imara, Bibi! Ni programu. Ya kompyuta. Programu ya kuandikia programu nyingine.

BIBI: Rudia. Upepo umeyabeba hayo maneno.

RECHO: Unakumbuka ile ninayoitengeneza jioni, nikimaliza kusahihisha madaftari? Ya kwenye simu, inayosema leo giza, dagaa watavuliwa; au leo mbalamwezi, mitumbwi inapumzika.

BIBI: Nakumbuka. Ulisema itakwisha Pasaka.

RECHO: Sikutaja Pasaka ya mwaka gani.

BIBI: [anacheka] Mwaka wa pili huu, mwalimu mzima anatengeneza kitu cha kumwambia mtu kwamba mwezi uko juu! Si ainue kichwa?

RECHO: Ndivyo wanavyoniambia hata ofisini. Samson wa jiografia ananiita Mama Mwezi. Nimeshazoea. Sasa hii ya kuandikia, nilipewa bure siku thelathini nijaribu. Leo ndiyo ya thelathini. Nisipolipa, inafungwa.

BIBI: Na kabla ya hizo siku thelathini ulikuwa unaandikia nini? Mkaa?

RECHO: Ninayo nyingine. Ya bure.

BIBI: Ina ubaya gani?

RECHO: Haina ubaya.

BIBI: Ehe.

RECHO: Lakini ya kulipia, Bibi, nikianza neno tu, inanimalizia.

BIBI: Kama Nikodemu kanisani. Padri hajafika katikati ya sala, yeye keshasema amina.

RECHO: Halafu nikikosea, inachora mstari mwekundu palepale. Inanionesha: hapa umekosea, labda ulitaka hivi.

BIBI: Na haiendi kukusema kwa majirani?

RECHO: Haiendi.

BIBI: Mume wa namna hiyo nilimtafuta sana. Nikampata babu yako. Bei yake?

RECHO: [mkwaruzo]

BIBI: Haloo? Mtandao umekatika au ni aibu?

RECHO: Ni aibu. Karibu nusu ya mshahara. Kwa mwaka mmoja.

BIBI: Mmh.

RECHO: Usigune, Bibi. Sema tu.

BIBI: Niseme nini mimi? Mimi niliyenunua mzani wa betri! Hukuuona ule. Una kioo, namba zinawaka kijani. Nikasema sasa nitakuwa mfanyabiashara. Mteja wa kwanza, mama mmoja wa Ujiji, akautazama, akanitazama mimi, akasema, "Bibi, toa sado unipimie, mimi sikuja hospitali."

RECHO: [anacheka] Ukafanyaje?

BIBI: Nikatoa sado. Sasa kuku mwekundu anautagia. Kila akilala hapo namba zinawaka. Ndiye kuku pekee Ilagala anayejua uzito wake.

RECHO: Kwa hiyo nisinunue.

BIBI: Sijasema. Nijibu hili. Hicho kitu chako cha mwezi, kinasema kweli?

RECHO: Kinasema. Ila mwezi uliopita kilikosea siku mbili. Kaka yake Samson anavua, akacheka mpaka basi. Programu inasema mitumbwi imelala, yeye yuko katikati ya ziwa na taa zake, nyavu zimejaa.

BIBI: Na ule mstari mwekundu haukuchorwa?

RECHO: Haukuchorwa.

BIBI: Kwa nini?

RECHO: Kwa sababu... niliandika vizuri. Kila neno lilikuwa mahali pake. Nilianza tu kuhesabu kutoka siku isiyo yake.

BIBI: Mwalimu wa hesabu.

RECHO: Mwalimu wa hesabu, Bibi. Kosa nililisahihisha kwa ile ya bure. Na kalamu.

BIBI: Basi umeshajijibu.

RECHO: Nilijua toka jana. Nilitaka mtu anikubalie tu. Nikiifungua ile ya kulipia najiona fundi wa kweli. Nikirudi kwenye ya bure naona Recho na tofali lake.

BIBI: Kuhesabu kunakosesha, mwanangu, usijilaumu. Hata mimi nakosea siku hizi. Nafunga fundo kwenye uzi kila jioni.

RECHO: Fundo la nini?

BIBI: La siku za mwezi. Juzi alfajiri nikabeba ndoo tatu nikashuka ufukweni kungoja dagaa. Hakuna mtumbwi uliotoka. Mbalamwezi, wenyewe wamelala kwao. Nikakaa mchangani kama mgeni kutoka Tabora. Agnesi wa jirani akapita na maji, akasema, "Mama, leo unanunua mawimbi?"

RECHO: Bibi. Kwa nini unahesabu? Si unainua kichwa?

BIBI: Shii! Hawa kuku—

RECHO: Bibi.

BIBI: Wamerudi tena kwenye chanja.

RECHO: Bibi Verediana, mwezi unauona?

BIBI: Naona weupe. Mwezi na taa ya kwa Agnesi ni kitu kimoja.

RECHO: Tangu lini?

BIBI: Tangu mvua za mwanzo. Usipige kelele, uko kazini.

RECHO: Jumamosi nakuja. Tunakwenda mjini Kigoma kwa daktari wa macho. Na ile ya kulipia wacha ifungwe, hela yake ndiyo hiyo tutakayoendea. Usikatae!

BIBI: Sikatai.

RECHO: Hukatai? Wewe?

BIBI: Nimechoka kukaa mchangani, mama.

RECHO: Salio linakwisha, Bibi, kengele nayo inalia. Nikuletee nini? Sema upesi, sukari, dawa ya—

BIBI: Recho.

RECHO: Naam.

BIBI: Sikuwa nakucheka kwa ubaya. Nakitaka hicho kitu chako. Kiweke kwenye simu yangu, kiseme kwa sauti, asubuhi, kabla sijanyanyua ndoo. Sitaki kumuuliza Agnesi.